Saini ya Kwanza Ilienda Bure, ya Pili Ina Bei

Wacha nianze na kosa langu. Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu Nairobi, kwenye moja ya yale maonyesho ya wachoraji komiki na wapenzi wa anime, yale ambayo watu huvaa kama wahusika na kupiga picha mpaka betri inazima. Binamu ndiye mchoraji. Alikuwa amechapisha toleo la kwanza la komiki yake River Road, nakala 80, karatasi ya kawaida, jalada tu ndilo linang'aa. Bei mia tatu. Kazi yangu ilikuwa kushika simu, kurekodi na kuita watu.

Mchana akaja jamaa aliyekuwa amenunua kwetu asubuhi. Nakala nane. Sasa kila moja iko ndani ya mfuko wake wa plastiki, ana kalamu yake ya wino wa fedha, na masharti anayo: saini iwe kwenye jalada, kona ya chini kulia, usiandike jina la mtu, usiandike tarehe. Binamu akasaini ya kwanza, akaweka kalamu mezani. Akasema, "Hiyo moja ni yako, bure. Hizo zingine saba ni mia moja kila moja."

Jamaa akawaka. "Boss, si nishanunua? Unanilipisha kitu kimoja mara mbili?"

Na mimi, mbele ya watu, nikamuunga mkono mteja. Nilisema saini ni wino tu, sekunde tano, asituharibie jina. Binamu hakunijibu. Jamaa akaondoka na saba zake bila saini, na usiku ule tulirudi Kisii kwenye matatu bila kuongea, tukashuka, tukapanda ya Sironga, bado kimya.

Baadaye nilianza kusoma historia ya hii maneno, kwanza ili nimthibitishie kwamba amekosea. Sijafaulu.

Huko Marekani ugomvi huu ni wa kila wiki na una pesa ndefu. Kisa chake cha karibu kinaanza mwaka 2000, kampuni inayoitwa CGC ilipofunguliwa. Unawatumia komiki yako, wanaikagua, wanaipa alama hadi 10, kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu ambayo huwezi kuifungua bila kuharibu cheti. Hautaisoma tena. Hiyo si kitabu sasa, ni hisa. Kwa miaka mingi, ukitaka saini ya mchoraji itambuliwe kwenye cheti, ilibidi awepo shahidi aliyekubaliwa na kampuni, aione kalamu ikigusa karatasi kwa macho yake. Hapo ulipata lebo ya manjano. Saini isiyoshuhudiwa, hata kama mchoraji ni babako mzazi na ulikuwa umekaa kwake sebuleni, ilikuwa inapata lebo ya kijani, na kwa wakusanyaji kijani ilikuwa kama kuambiwa gari lako lina kasoro.

Basi wachoraji wakaanza kugundua kitu. Wale wanaosimama foleni hawako sawa. Kuna mtoto amebeba kitabu kilichokunjwa kona, amekisoma mara ishirini, anatetemeka. Na kuna mtu mzima amebeba sanduku, na nyuma yake kuna shahidi wa kampuni. Yule wa pili akitoka hapo, kitu chake kimepanda bei kabla hajafika kwenye gari. Wachoraji wengi wakaweka bei mbili: saini ya kawaida bei nafuu au bure, saini ya kwenda kwenye cheti bei ya juu. Wengine wanaweka idadi, vitabu viwili au vitatu kwa mtu. Na wengine wana ujanja ninaoupenda zaidi: nikikuandikia jina lako, "kwa Brian," ni bure. Ukitaka jina langu peke yake, lipa. Kwa sababu hakuna Brian mwingine atakayenunua kitabu cha Brian.

Ukisoma hapo unaelewa kwa nini jamaa wetu alisema usiandike jina la mtu.

Lakini wakusanyaji wana hoja pia, sitaki kuwafanya wezi. Wamelipa kiingilio, wamelipa kitabu, wamelipa shahidi, wamelipa kampuni, wamelipa posta. Kitabu kikirudi na alama ya chini wamekula hasara na mchoraji harudishi ada. Na kuna swali ambalo hata mimi linanisumbua: kama mchoraji ana haki ya kuniuliza nitafanya nini na kitabu nilichonunua kwa pesa yangu, hiyo haki inaishia wapi? Seremala hakuulizi kama kiti utakikalia au utakiuza. Stan Lee, kwenye miaka yake ya mwisho kabla hajafa 2018, saini yake kwenye maonyesho ilikuwa zaidi ya dola 100, na foleni ilikuwa ya watu waliokua na wahusika wake. Wengine walirudi nyumbani bila chochote kwa sababu hawakuwa na hiyo pesa. Hilo linauma, na halina jibu rahisi.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni hundi moja.

Tarehe 1 Machi 1938, vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, walilipwa dola 412. Ndani ya hizo, dola 130 zilikuwa za Superman. Si za ukurasa mmoja. Za Superman mwenyewe, jina, nguo, kila kitu, milele. Kwenye ile hundi majina yao yalikuwa yameandikwa vibaya, kwa hiyo ili benki iwape pesa, ilibidi wasaini nyuma mara mbili: mara moja na tahajia mbovu, mara moja na majina yao ya kweli. Yaani hata kupoteza kitu chao ilibidi wasaini mara mbili.

Wakati Superman anatengeneza mamilioni, wao walienda mahakamani mwaka 1947, na baada ya hapo majina yao yakaondolewa kwenye kurasa. Kufika katikati ya miaka ya 1970, Siegel alikuwa karani na Shuster alikuwa karibu kipofu. Mchoraji. Kipofu. Filamu kubwa ya Superman ilikuwa inapikwa. Ilibidi wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson mbele, wapige kelele kwenye magazeti, ndipo mwishoni mwa 1975 kampuni ikakubali kuwapa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao.

Sasa sikiza hii. Mwaka 2012, Siegel na Shuster wote wakiwa wameshakufa, ile hundi iliuzwa kwenye mnada. Karatasi yenyewe, yenye saini nne nyuma. Dola 160,000. Na Action Comics namba 1, kile kitabu alichotokea Superman mara ya kwanza, nakala moja yenye alama 8.5 iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024. Wao walilipwa 130.

Na hawakuwa peke yao. Kwa miaka mingi kampuni ya Marvel ilikuwa na mtindo wa kupiga muhuri nyuma ya hundi za wachoraji: maneno ya kusema kwamba ukisaini hapa kuchukua pesa yako, umekubali kazi hii yote ni yetu. Ukitaka kula, saini. Usiposaini, hundi ni karatasi tu. Jack Kirby, ambaye mkono wake ulichora nusu ya mashujaa unaowaona kwenye sinema, alipigana miaka ya 1980 ili arudishiwe tu zile karatasi alizochora, si haki, karatasi. Mwaka 1987 akapata takriban 2,000. Alikuwa amechora maelfu na maelfu.

Kwa hiyo mchoraji mzee akikaa kwenye meza leo na kusema saini yangu ni dola 40, ile ya cheti ni 80, mimi sioni tamaa tena. Saini ya kwanza, ile ya nyuma ya hundi, ilichukua kila kitu. Hii ya pili, ya kwenye jalada, ndiyo kitu pekee kilichobaki ambacho kampuni haiwezi kuuza bila yeye kuwepo.

Nikiwa nasoma hayo nilikumbuka aibu yangu mwenyewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na nikaingia kwenye video. Video yangu ya kwanza kulipiwa, nilitumiwa mkataba kwenye simu, kurasa tisa. Nilisaini kwa kidole nikiwa kwenye boda. Elfu sita. Nilidhani nimeuza video moja ya kuposti mara moja. Mwaka mzima baadaye uso wangu bado ulikuwa unatangaza bidhaa yao, wameikata, wameweka sauti ya mtu mwingine, na nilipouliza nikaonyeshwa ukurasa wa saba. Ilikuwa pale. Nilikuwa nimesaini. Sasa mimi, mtu niliyesaini uso wangu kwa elfu sita, ndiye nilikuwa namwambia binamu kwamba saini ni wino tu.

Turudi nyumbani, kwa sababu Kenya ina historia yake ya komiki na wengi wetu hatuijui. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza kuchekesha watu miaka ya 1950, na wazazi wetu walimfuata kwenye Taifa Leo. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Joe, gazeti la vichekesho na hadithi lililochekea maisha ya mtu wa kawaida wa mjini, mshahara mdogo, baa, kodi ya nyumba, na likaishi mpaka 1979. Hirst huyo huyo, Mwingereza aliyekuja hapa kufundisha sanaa na akabaki mpaka kufa 2015, ndiye aliyeleta Pichadithi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha na hadithi, ukiunganisha. Lwanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, nilimjua kutoka kwa Pichadithi ya mame wangu, iliyokuwa imefunikwa na gazeti ili isichafuke. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kwao, alichora huko pia kabla ya kutupa Golgoti na Akokhan. Alikufa 2012 kwenye ajali ya matatu. Mwaka 1996 Gado, Mtanzania ambaye tayari alikuwa anachora Nation, alitoa Abunuwasi kwa Kiswahili chini ya Sasa Sema.

Hebu ingia kwa nyumba ya mjomba wako uangalie chini ya kitanda. Nimeuliza wasee wengi. Karibu kila mtu zaidi ya miaka 40 anakumbuka Pichadithi, karibu hakuna aliye nayo. Tulifungia mandazi. Hata sisi wa juzi: Shujaaz ilipoanza 2010, DJ Boyie na redio yake, komiki ya Sheng iliyokuja bure ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa, ilishinda Emmy ya kimataifa 2012, na bado tulitengenezea ndege za karatasi. Silaumu mtu, nilikuwa mtoto na ndege zangu zilipaa vizuri. Ninachosema ni kwamba unaweza kuuliza darasa zima la umri wangu, wote wanamjua Boyie, muulize mmoja akutajie mtu aliyemchora. Kimya.

Sisi tunajua mhusika. Mkono hatuujui. Na hapa ndipo hadithi inanifikia nyumbani kabisa, kwa sababu mamangu alizaliwa Tabaka.

Kama hujui Tabaka, ni kule South Mugirango, ndiko jiwe la Kisii linatoka, lile laini la rangi ya maziwa, ya waridi, ya kijivu, unalolikata kwa msumeno na kulichonga kwa panga na kisu. Kila kiboko cha jiwe ulichowahi kuona kwenye duka la watalii Nairobi au Mombasa, kila sahani, kila seti ya sataranji, kuna uwezekano mkubwa kilitoka kwenye vilima hivyo. Wanaume wengi huchonga, wanawake wengi husugua kwa msasa na maji mpaka linang'aa. Kuna waliojulikana. Elkana Ong'esa wa Tabaka, aliyesoma Makerere, ana ndege wake wa amani pale makao makuu ya UNESCO, Paris, na mwaka 2014 alikuwa Washington akichonga ndovu mbele ya umati. Jina lake linaandikwa kando ya kazi yake. Lakini geuza kiboko cha dukani uangalie tumboni. Utakuta kibandiko, Made in Kenya, na bei. Jina la mtu hakuna.

Sokoro wangu, babake mamangu, amechonga ndovu kwa zaidi ya miaka 40. Baada ya yale mambo ya Nairobi nilienda kumwona, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kama aliwahi kuandika jina kwenye kazi zake. Alicheka. Akasema zamani alikuwa anakwaruza alama ndogo chini ya mguu wa nyuma, mistari mitatu na nukta. Halafu mnunuzi mmoja aliyekuwa anachukua magunia mazima akasema chini pawe safi, wateja wake wa ng'ambo wanataka pa kubandika karatasi yao. Asiyetaka, ndovu zake zibaki.

"Ukafanya nini, sokoro?"

Akaelekeza kidevu kwa magokoro, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Magokoro hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi ndiye nilikuwa nasugua." Gunia moja lilikuwa na ndovu kama hamsini. Alichukua msasa akafuta alama ya mume wake, moja baada ya nyingine, jioni nzima, kwa sababu kesho yake kulikuwa na karo ya mamangu ya kulipa.

Sijui niseme nini kuhusu hiyo jioni. Ile hundi ya 1938 angalau ilibaki na saini.

Sheria imejaribu kidogo. Ufaransa tangu 1920 ina haki ya msanii kupata fungu kazi yake inapouzwa tena, na Kenya iliiingiza kwenye sheria ya hakimiliki kwa marekebisho ya 2019: asilimia 5. Ni kitu kizuri, na wachoraji wanaouza kwenye minada Nairobi wakifuatilia wanaweza kukiona. Lakini inahusu kazi halisi ya sanaa inayopita mikononi mwa wauzaji wa sanaa na minada. Haimsaidii binamu na nakala zake 80 za River Road, kwa sababu nakala iliyochapishwa si mchoro halisi. Na ndovu wa sokoro asiye na jina, hata sheria ikitaka kumlipa, italipa nani?

Ndiyo maana sasa naona ada ya saini ni njia ya watu ambao sheria haijawafikia. Haijapendeza sana, na inaweza kuumiza mtoto asiye na pesa, kwa hiyo masharti yana maana kuliko bei. Nilimwambia binamu hivyo nilipoenda kumwomba msamaha, ambao niliuomba vibaya, nikiwa nimebeba kuku wa kukaanga ili tusitazamane sana. Alikuwa ameshaandika masharti yake kwenye kadibodi ya meza ya mwaka huu. Kitabu kimoja kwa mtu, bure. Jina lako nikiliandika, bure, hata ukileta kumi. Jina langu peke yake, mia moja. Mtoto wa shule, bure yote. Nilimuuliza je, mtu akimdanganya kwamba anaitwa jina fulani? Akasema basi atakaa na kitabu cha mtu huyo.

Tumebishana bado kuhusu mia moja. Mimi nasema ni kidogo, jamaa akiuza nakala kwa elfu mbili miaka mitano ijayo utalia. Yeye anasema komiki yenyewe ni mia tatu, saini haiwezi kupita theluthi ya kitabu kabla hajatoa hata toleo la pili. Hilo la pili limechelewa, kwa taarifa yenu, kwa sababu anachora usiku baada ya kazi ya simiti.

Siku ile Tabaka, kabla sijaondoka, nilichukua ndovu mmoja mdogo kwenye rafu, wa rangi ya waridi, sikio moja limevunjika kidogo ncha. Nikampa sokoro msumari, nikamwomba aweke ile alama yake ya zamani. Akaugeuza mkononi, akaniangalia.

"Unaenda kumuuza?"

"La, sokoro. Ni wangu."

Akafikiria. Kisha akasema mia mbili. Nikadhani anatania, lakini mkono ulikuwa umenyooshwa. Nikamlipa, akaitia mfukoni mwa shati, akainama, akaanza kukwaruza mistari mitatu polepole, akipuliza vumbi kila baada ya mstari.